Pesa za Kitambaa

Katika nyumba ile, pesa zilifuliwa mara moja kwa mwezi.

Hazikuwa pesa za kwenda nazo dukani. Zilikuwa pesa za mchezo, ule mchezo wa ubao wa kununua viwanja, kujenga nyumba, kudai kodi na kuwafilisi ndugu zako huku unacheka. Noti za karatasi zilizokuja na boksi zilikwisha zamani, watoto walipokuwa wadogo. Nyingine zilimwagikiwa chai, nyingine zilisahauliwa mfukoni mwa kaptura zikatoka kwenye beseni zimekuwa uji. Mama mwenye nyumba alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Alipochoka kusikia ugomvi wa noti zilizopotea, siku moja alivuta kapu lake la vipande akakata pesa mpya. Moja ilikuwa bitana nyeupe inayoteleza. Tano ilikuwa poplini ya mashati. Kumi ilikuwa kitambaa cha sweta, kimepindwa ukingo kisifumuke. Hamsini ilikuwa kaki, mia ilikuwa jinzi, na mia tano, ambayo kila mtu aliililia, ilikuwa mahameli nyekundu iliyobaki kwenye pazia la ukumbi. Namba hakuandika. Alisema mwenye macho haambiwi tazama.

Kazi ya kuzifua ilimwangukia mke wa mwanawe. Miezi minane ilikuwa imepita tangu aolewe, lakini nyumba nzima bado ilimwita Bi Harusi. Alikuwa msichana wa maneno machache. Ukimsalimia anajibu, ukimuuliza anatabasamu. Shule aliiachia darasa la tano, na tangu hapo alijizoesha kukaa pembeni pale watu wanapozungumza, asije akaulizwa jambo asilolijua. Mikono yake ndiyo iliyokuwa na maneno. Alitoboa na kuzungushia matundu ya vifungo, mashati arobaini kwa siku, na mama mkwe wake, ambaye hasifu ovyo, alikuwa akiyageuza kuyaangalia nyuma na mbele kisha anasema, "Haya," na hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Mumewe alikuwa fundi umeme. Waliomjua walimwita Shoti, kwa sababu alipokuwa na miaka kumi na mitano alijaribu kutengeneza redio akazima taa za mtaa mzima. Na baba yake walimwita Benki.

Benki alikuwa karani wa mishahara kiwandani kwa miaka thelathini, kiwanda cha sabuni. Alipostaafu, kazi iliyobaki ilikuwa ya kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, ubao unapowekwa mezani. Yeye hakucheza. Hakuwahi kununua kiwanja hata kimoja. Alikaa kwenye kiti chake cha mikono miwili, sinia la pesa mbele yake, akalipa mishahara, akapokea faini, akatoa chenji. Watoto walikua mbele ya sinia lile. Mtu angeweza kumdanganya Shoti, angeweza hata kumdanganya Mama akiwa na usingizi, lakini Benki hakuna aliyewahi kumpunja.

Mwezi wa nane wa ndoa yake, Bi Harusi alitaka kuwafurahisha. Alifua pesa zote, akaona zimelegea kama masikio ya mbuzi, akazitia maji ya wanga kama anavyotia kola za mashati, akazipiga pasi. Zilitoka zimenyooka, ngumu, ukizigonganisha zinalia.

Jumapili hiyo Benki alikosea.

Shoti alizunguka ubao akapita mahali pa kulipwa mshahara, mia mbili. Benki alichukua noti, akazisugua kwa dole gumba, akasita, akazisugua tena. Akampa kaki mbili.

"Baba, mshahara wangu umekatwa nini?" Shoti aliuliza. "Au nimechelewa kazini?"

"Ulikuwa unasinzia kazini," Benki alijibu, na watu wakacheka, naye akatoa nyingine. Lakini baadaye Mama alidai chenji ya hamsini akapewa jinzi ya mia, akaiingiza chini ya paja lake. Mara ya tatu Benki alisema kichwa kinamgonga, akaomba mchezo uishie hapo.

"Uzee huo," Mama alisema, akikusanya nyumba ndogo za mbao. "Siku hizi mvivu wa kila kitu. Hata gazeti hasomi, linafungiwa maandazi."

Bi Harusi alibaki na sinia mkononi. Wiki nzima aliyafikiria aliyokuwa ameyaona bila kuyaangalia. Benki akimimina chai, huweka kidole ukingoni mwa kikombe mpaka chai imguse. Benki hasalimii mtu mpaka mtu aanze kusema. Benki akivaa kandambili huzitafuta kwa nyayo. Na pesa ambazo wanga umezifanya zote ngumu sawasawa ndizo zilizomshinda.

Siku ya Alhamisi alizirudisha kwenye maji, akatoa wanga wote, akazianika bila pasi. Jumapili iliyofuata Benki hakukosea hata senti.

Walipomaliza kucheza, aliuliza huku uso ameuelekeza ukutani, "Nani kafua pesa wiki hii?"

"Ni mimi, baba."

"Zimelainika," alisema. "Zinakaa mkononi." Hakuongeza neno, naye Bi Harusi hakuuliza. Lakini kuanzia siku hiyo kulikuwa na kitu kati yao, na kila mmoja alikibeba upande wake.

Angeweza kumwambia mumewe, na alijaribu. Alimfuata bombani akinawa mikono.

"Baba anaona vizuri?" aliuliza.

"Baba? Anaona kuliko mimi. Juzi kaniambia shati langu limemwagikiwa mafuta ya taa, mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona hilo doa."

"Pengine alinusa."

"Basi ana pua inayoona," Shoti alisema, akamrushia maji, akaenda zake.

Kuendelea kungekuwa kumvua mkwe wake nguo mbele ya wanawe. Tena kulikuwa na jambo jingine. Dada yake Shoti, mzaliwa wa kwanza, aliyekuwa akiuza magodoro kwenye duka kubwa la mji mwingine, aliwahi kusimulia habari za mzee mmoja wa jirani yake aliyepofuka. Dada huyo walimwita Meneja, kwa kuwa alianza kupanga watu kabla hajaota meno. Alisema wana wa yule mzee wamefanya la maana: mzee hatoki nje, mlango una komeo, kila kitu analetewa alipokaa. "Usalama kwanza," alisema. Benki alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe chini hakukigusa tena. Kila asubuhi Benki hutembea peke yake mpaka kwenye kibanda cha fundi viatu na kurudi, hatua mia nne na kumi. Hilo Bi Harusi alilijua kwa kuwa siku moja alimsikia akihesabu.

Basi Meneja akaja, siku ya Jumamosi mchana, na boksi kwapani.

"Baba, nimekuondolea aibu," alisema hata kabla hajavua viatu. "Hela ya kuuza vizuri wamenipa kazini, nikasema wa kwanza kuila ni Baba. Mchezo mpya. Ubao mpya, nyumba za plastiki, na noti za karatasi, mpya kabisa. Matambara yamekwisha leo."

Alilifungua boksi mapajani mwa baba yake kwa furaha ya mtoto. Benki alitia mkono ndani. Bi Harusi, aliyekuwa ameleta maji ya kunywa, aliviona vile vidole. Vilichukua noti, vikaisugua, vikachukua nyingine, vikaisugua, vikarudi kwenye ile ya kwanza. Zote zilikuwa laini namna moja, nyembamba namna moja, ukubwa mmoja. Vidole vilizunguka kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba isiyo yake.

"Zinanukia duka," Benki alisema mwishowe. Akafunika boksi taratibu. "Ahsante, mwanangu. Umefanya jambo kubwa."

"Kesho tunalizindua," Meneja alisema. "Na wewe ndiye benki, kama kawaida. Hizi za kitambaa Mama atajazia mto."

Mama hakubisha. Alizipima kwa mkono akasema zitafaa nusu ya mto.

Jumapili asubuhi Mama na Meneja walikwenda kupeleka sare za mteja, Shoti aliitwa na jirani ambaye fyuzi yake imeungua, na Benki alitoka kwenda matembezi yake. Bi Harusi alibaki na nyumba, na boksi likiwa juu ya kabati. Alilitazama kwa muda mrefu. Kitu cha zawadi, kipya, cha wifi yake, na yeye ni mtu wa kuja. Akichelewa, mchana huu mzee atakaa mbele ya wanawe, apewe noti ya kumi aiite mia, na atakosea tena na tena mpaka mtu aulize.

Mafundi wanapokata nguo hutia vikato vidogo ukingoni, ili anayeshona ajue mkono wa kulia unakutana wapi na bega la kulia. Kitambaa hakisemi, lakini kikato kinasema. Alichukua wembe wa kufumulia, akaketi sakafuni, akatandaza noti juu ya kipande cha mbao. Ya moja aliiacha nzima. Ya tano aliitia kikato kimoja, ya kumi viwili, ya hamsini vitatu. Ya mia aliikata pembe moja, ya mia tano pembe mbili. Vikato vilikuwa vidogo, si rahisi mtu kuviona. Alikata noti zaidi ya mia mbili, na moyo ulikuwa unampiga kama aliyeiba. Kisha akazipanga kwenye sinia kuanzia ndogo mpaka kubwa, kama zilivyokuwa zikipangwa za kitambaa.

Walipokaa mezani baada ya chakula, kola ya Benki ilikuwa imelowa jasho. Bi Harusi mwenyewe aliweka sinia mbele ya mzee, akasema kwa sauti ndogo, "Nimezipanga kama zamani, baba. Zishike kwanza."

Benki alishika fungu la kwanza. Akashika la pili, dole gumba likapita ukingoni, likasimama. Likarudi. La tatu. La nne. Alipofika la mwisho, yale makunjo ya kwenye paji la uso yalikuwa yamefunguka. Hakugeuka upande wake, hakutikisa kichwa. Alikohoa tu kama makarani wanavyokohoa kabla ya kufungua dirisha, akasema, "Haya. Nani anaanza?"

Mchezo ulikwenda. Ulikwenda vizuri mno. Meneja alinunua kiwanja cha mia mbili na sitini, akatoa noti ya mia tano, na kabla hajamaliza kupumua alikuwa na chenji mkononi, mbili za mia na nne za kumi. Shoti aliingia jela mara mbili, akasema amezoea, huko ndani umeme haukatiki. Mama alikuwa na stesheni zote na alidai nauli kama mtu mwenye watoto wa kulisha.

Tatizo lilikuja Meneja alipoanza kutajirika. Tajiri ana tabia ya kuzipanga pesa zake, kuzinyoosha, kuzigeuza. Akazigeuza, akazisogeza karibu na jicho.

"Hizi noti mbona zimekatwa?"

Akachomoa nyingine kwenye fungu lake.

"Tazama. Na hii. Na hii. Hii haina pembe kabisa." Uso wake ulishuka, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kama meneja wa mtu. "Yule mwenye duka kaniuzia mali iliyotafunwa na panya. Nimemlipa bei kamili, hata sikumwomba apunguze. Kesho nashuka dukani kwake. Atanitambua, nitamsema mbele ya wateja wake mpaka aombe ardhi impasukie."

"Panya gani anayekata kwa mstari?" Shoti alisema.

Bi Harusi aliona mwenye duka asiyemjua akitukanwa kwa kosa lisilo lake. Aliinua kichwa.

"Ni mimi, wifi."

Meza nzima ikamgeukia. Hakuwa amezoea kutazamwa na watu wanne kwa mpigo, ingawa mmoja wao hakuwa akiona.

"Wewe?" Meneja alisema. "Umezikata wewe? Kwa nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, na mlango huo ulipita juu ya mgongo wa mzee. Hakuupita. Alitafuta uongo, na kwa kuwa hakuwa mzoefu alichukua wa kwanza uliokuwa karibu.

"Nilikuwa najaribu mkasi."

Mama aliweka kikombe chini. "Mkasi gani?"

"Ule mkubwa."

"Mkasi wangu wa kitambaa? Umekatia karatasi?" Mama alikuwa amesimama. Katika nyumba ile mtu angeweza kusamehewa wizi, lakini mkasi wa kitambaa kukata karatasi, hilo lilikuwa jambo la kupeleka mashauri kwa wazee. "Mkasi niliounoa Ijumaa! Shoti, mkeo ana akili zake kweli?"

"Mama, ngoja kwanza," Shoti alisema. Akamgeukia mkewe, masikio yamemwiva. "Mke wangu, sema tu. Kuna nini?"

Alitazama mikono yake. "Hakuna kitu. Nimekosa. Mnisamehe."

"Nimejinyima kununua viatu," Meneja alisema polepole, si kwa hasira tena, na hilo liliuma zaidi. "Nikanunua hiki. Kama hamkutaka kitu changu mngeniambia."

Benki alikuwa na noti kati ya vidole. Aliigeuza, akapitisha kucha kwenye kikato.

"Huo ni uongo," alisema.

"Nini uongo, baba?"

"Mkasi hubana karatasi, ukingo unanyanyuka. Hapa pamepita wembe. Mama Meneja, mkasi wako uko salama, kaa chini." Alisubiri mpaka asikie kiti kikilia. "Na hakujaribu kitu. Amenikatia mimi. Kimoja ni tano, viwili ni kumi. Pembe moja ni mia. Za kitambaa nilikuwa nazijua kwa kuzishika. Hizi mpya zote kwangu ni karatasi tu." Akaiweka noti kwenye fungu lake, mahali pake barabara. "Sioni, wanangu. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linanipa kivuli tu. Yeye amelijua na amelinyamazia. Nami nimemwacha atukanwe karibu nusu ya dakika nzima, na nusu dakika hiyo imenitosha."

Redio ya jirani ilisikika ikitangaza mpira.

"Tangu lini?" Mama aliuliza.

"Inakwenda mwaka wa pili."

"Mwaka wa pili unakula na mimi, unalala na mimi!" Alifuta meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. "Mficha maradhi, wewe baba. Ndiyo maana. Lile gauni langu la kijani, nililovaa harusi ya hawa watoto, nikasimama mbele yako kutwa, ukasema tu kiatu kinabana."

"Lilikuwa la kijani?"

"La kijani. Lina marinda."

"Basi ulipendeza," Benki alisema. "Kijani kinakukaa."

Mama alichukua ncha ya kanga akajifuta pua.

Meneja ndiye watu waliyemngoja, kwa sababu ndiye hupanga mambo, na Benki ndiye aliyemngoja zaidi. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika sinia kama mtu aliye kwenye chombo kinachoyumba.

"Tutakwenda kwa daktari wa macho," Meneja alisema. "Wiki hii. Mengine yanatibika."

"Tutakwenda."

"Na mimi nitaingia ndani na wewe, usije ukamwambia daktari kiatu kinabana."

"Sawa." Benki hakuachia sinia. "Na matembezi yangu ya asubuhi?"

Meneja alimtazama baba yake, akautazama mlango, na pengine alimkumbuka yule mzee wa komeo, kwa sababu uso ulimbadilika.

"Utatembea," alisema. "Lakini si peke yako. Wifi atakwenda na wewe."

"Sitaki kushikwa mkono kama mtoto."

"Hatakushika. Atatembea tu kando. Kwanza huyu haongei, utadhani uko peke yako."

Shoti alicheka, kisha Mama, na kicheko kikawa cha wote.

"Nitaongea kidogo," Bi Harusi alisema. "Kwenye mashimo."

Benki aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti. "Kwenye mashimo uongee," alisema. "Na kwingine kokote ukipenda."

Meneja alichukua noti mbili, akafumba macho, akazisugua kwa bidii kubwa. "Hii ni kumi."

"Ya tano," Benki alisema baada ya kuipokea. "Usiache kazi ya magodoro."

Akairudisha. Meneja hakuomba msamaha kwa maneno. Hawakuwa watu wa namna hiyo. Alilivuta boksi, akatoa lile fungu la hati za viwanja, akalisukuma mpaka mbele ya wifi yake.

"Hizi umezisahau," alisema. "Baba atajuaje nani anamiliki nini? Lete huo wembe."

Bi Harusi akauleta. Mchezo ukasimama, kwa sababu kila mtu sasa alikuwa na la kusema kuhusu mahali pa kukata. Mama alitaka stesheni zake zitiwe vikato upande wote kama reli, asije akazigusa mtu. Shoti alidai viwanja vyake vya bei rahisi visikatwe sana, visije vikaisha. Meneja alipanga utaratibu, akaupangua, akaupanga tena. Kila hati ilipokatwa ilipelekwa kwa Benki, naye akaishika, akasema ni ya nani, na pale aliposhindwa aliirudisha akasema, "Kata ndani kidogo, mwanangu," naye Bi Harusi akakata ndani kidogo.